Painti pungufu: Mwingereza anapoitafuta bia yake Marekani

Shemeji yangu ni mzaliwa wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na miaka michache iliyopita kazi ilimhamishia Ohio. Simu ya kwanza aliyotupigia baada ya kufika haikuhusu nyumba wala shule ya watoto. Ilihusu glasi. "Shem," aliniambia, "wameniuzia painti, lakini si painti." Nilidhani ameshateremsha mbili tatu. Kumbe alikuwa mzima kabisa, na alilolisema ni kweli.

Painti ya Uingereza ni mililita 568. Ya Marekani ni 473. Wamarekani walirithi galoni ya zamani ya mvinyo, ile iliyowekwa kisheria Uingereza mwaka 1707, enzi za Malkia Anne, na wakabaki nayo hata baada ya kujitawala. Waingereza wenyewe ndio walioiacha: mwaka 1824 walitunga galoni mpya, kubwa zaidi, na painti ikanenepa pamoja nayo. Kwa hiyo anayelalamika ndiye aliyebadilisha kibaba. Isitoshe, Uingereza bia ya bomba huuzwa kwa vipimo vilivyotajwa na sheria, na kipimo lazima kiwe rasmi. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayombana mwenye baa, na ile glasi nene iliyonyooka unayoiona kila mahali asili yake ni chombo cha kuchanganyia vinywaji vikali. Hiyo 473 yenyewe inatimia bia ikigusa ukingo. Weka povu la vidole viwili, halafu hesabu upya.

Nimeanza na glasi kwa sababu mambo mengine yote ya bia baina ya nchi hizi mbili yako vivyo hivyo: neno ni lile lile, kitu ni kingine. Mwingereza mgeni husema Marekani hakuna bia nzuri. Hapo anakosea vibaya. Nchi ile ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, vingi vikiwa vidogo vya mtaani, na baadhi vinapika bia ambayo London haijawahi kuionja. Asichokipata ni bia yake yeye.

Bia yake ni ipi? Ni eli ya pipa. Eli ni bia inayochachushwa kwa hamira inayopenda uvuguvugu, tofauti na laga, ambayo huchacha kwenye baridi kisha ikalazwa kwa wiki kadhaa. Laga ndiyo wengi wetu tuliyokulia, iwe Tusker au Safari. Eli ya pipa hutoka kiwandani bila kuchujwa wala kupashwa moto wa kuua vijidudu. Hamira bado imo, tena inaendelea na kazi yake ndani ya pipa, katika chumba cha chini ya baa chenye nyuzi 11 hadi 13. Mtunza pipa huchomeka kijiti laini cha mbao juu yake ili gesi ya ziada ipumue, huiacha bia itulie siku moja au mbili mpaka mashapo yazame, huionja, ndipo huiruhusu kwenda juu. Haisukumwi na gesi. Huvutwa kwa pampu ya mkono. Ina gesi kidogo tu, haina ubaridi wa kuuma meno, na asilimia zake za alkoholi mara nyingi hazifiki 4.5.

Mtu wa pwani ataelewa haraka nikimwambia kwamba kinywaji hiki ni ndugu wa tembo la mnazi. Kina saa yake. Pipa likifunguliwa, hewa huingia kushika nafasi ya bia inayotoka, na baada ya siku tatu hivi ladha inaanza kwenda upande wa siki. Pipa dogo la kawaida lina galoni 9 za Kiingereza, sawa na painti 72. Baa yenye watu pale Leeds hulimaliza Ijumaa moja. Baa ya Ohio yenye wateja watatu wanaoijua bia hiyo italimaliza Jumatano ijayo, ikiwa imeshaharibika, na mteja wa nne atakayeijaribu kwa mara ya kwanza ataapa kutoigusa tena. Hiyo hesabu ya painti 72, kwa maoni yangu, inaeleza ukosefu wa eli ya pipa Marekani kuliko maneno yote kuhusu tabia za Wamarekani na barafu.

Hata hivyo, barafu nayo ipo. Baa nyingi huuza bia ikiwa na nyuzi 3 au 4, pengine katika glasi iliyogandishwa makusudi. Sisi tuliozoea mhudumu kuuliza "baridi au ya moto?" tunaweza kushangaa kwamba swali hilo halipo Marekani. Baridi hiyo inaifaa bia nyepesi. Kwa bia yenye kimea kingi inaua ladha, kwa maana ulimi uliokufa ganzi hauonji kitu. Dawa yake ni rahisi: omba glasi isiyogandishwa, kisha zungumza na watu dakika kumi na tano kabla ya kunywa. Shemeji huikumbatia glasi kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Watu humtazama.

Sababu ya pili ya kuikosa eli ya pipa ni sheria, na hapa inabidi twende polepole.

Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, kuuza pombe kulipigwa marufuku Marekani nzima. Waliopigania marufuku walikuwa wakielekeza kidole kwenye baa zilizomilikiwa au kufadhiliwa na viwanda vya bia, kwamba ndizo zilizowasukumia watu ulevi. Marufuku ilipoondolewa, Marekebisho ya 21 ya Katiba yaliiachia kila jimbo mamlaka makubwa ya kujitungia sheria za pombe, na majimbo mengi yakajenga ukuta wa ngazi tatu: mtengenezaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye baa au duka, naye ndiye amuuzie mnywaji. Kiwanda kumiliki baa kukawa jambo la kuogopwa. Uingereza ilikwenda njia ya kinyume: baa iliyofungamana na kiwanda kimoja ni mila ya kale huko, na ndiyo iliyolea watunza mapipa, kwa kuwa kiwanda kilikuwa na kila sababu ya kumfundisha mwenye baa namna ya kukitunza kinywaji chake. Marekani ukimpa msambazaji pipa lililo hai, analiweka katika ghala lake pamoja na vitu vingine mia, na mwenye baa analipokea bila kujua limetikiswa kiasi gani njiani.

Kwa kuwa kila jimbo ni ufalme wake, mgeni hujifunza upya kila avukapo mpaka. Utah bia ya bomba haiwezi kuzidi asilimia 5, na hadi mwaka 2019 ilikuwa 4. Pennsylvania kwa miaka mingi maduka ya wasambazaji yalikuuzia katoni nzima au yakuache uondoke mikono mitupu; sheria zilikuja kulegezwa mwaka 2015 na 2016. Zipo wilaya ambako haiuzwi kabisa. Umri wa kunywa ni miaka 21, na usishangae mwenye mvi akidaiwa kitambulisho.

Marufuku iliua viwanda vingi, na ushindani uliofuata ukamaliza vilivyobaki vidogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 vilikuwa havifiki 100, karibu vyote vikitengeneza laga nyepesi zinazofanana. Sasa sikiliza kinachonichekesha mimi katika mkasa huu: waliowaamsha Wamarekani walikuwa ni Wamarekani walioonja bia ya Uingereza na kuitamani. Jack McAuliffe alikuwa baharia wa jeshi la Marekani aliyepelekwa Scotland. Aliporudi California hakuiona bia aliyoizoea kule, basi mwaka 1976 akaanzisha kiwanda kidogo cha New Albion huko Sonoma, kwa matangi ya mitumba na vyuma chakavu. Kilikufa mwaka 1982, ila waliokitembelea walikuwa wameshaona kwamba inawezekana. Fritz Maytag, aliyekinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco mwaka 1965 kikiwa hoi, alitembelea Uingereza naye kabla ya kutoa eli yake ya Liberty mwaka 1975. Kule Portland, Maine, David Geary alikwenda kujifunza Scotland na Uingereza, akarudi na Mwingereza Alan Pugsley wa kumsaidia, na mwaka 1986 bia yao ikatoka. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kujipikia bia nyumbani, na kutoka kwenye magereji ya watu kikazaliwa kizazi kizima cha wapika bia.

Hata ua lenyewe lina damu ya Kiingereza. Hopi ni mmea unaotambaa, na maua yake huipa bia uchungu na harufu. Aina iitwayo Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972 baada ya utafiti huko Oregon, ina Fuggle, hopi ya kale ya Uingereza, katika ukoo wake. Fuggle hunukia udongo na majani. Cascade ilikulia Amerika ikatoka na harufu ya balungi. Maytag aliitumia katika Liberty, na Ken Grossman wa Sierra Nevada, mjini Chico, akaitia katika bia yake ya mwaka 1980 iliyoenea nchi nzima. Wamarekani wakalipenda balungi, na hawajaliacha hadi leo.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Chukua herufi tatu tu: IPA, yaani India Pale Ale. Ni jina la eli ya Kiingereza ya rangi nyepesi yenye hopi nyingi iliyosafirishwa India karne ya 18 na ya 19, kwanza ikitoka kwa akina Hodgson wa London, baadaye mji wa Burton, ambao maji yake yenye jasi yaliifaa mno. Baada ya muda, Uingereza jina likabaki na nguvu ikapungua. IPA ya pipa ya Greene King haifiki asilimia 4. Marekani jina lile lile ni kitu cha asilimia 6 hadi 7.5, na nyingine zinapita 8. Hesabu mwenyewe. Painti ya Uingereza ya bita, ile eli ya kila siku ya baa zao, yenye asilimia 3.8 ina takriban mililita 22 za alkoholi tupu. Painti ya Marekani ya IPA yenye asilimia 7 ina 33. Glasi imepungua, kilichomo kimezidi kwa nusu. Shemeji alikunywa tatu kwa mwendo wa Leeds, na kesho yake akatuarifu kwamba usiku ule mtu alikuwa ameongeza ngazi katika nyumba yake.

Tangu Heady Topper ya Vermont ilipoanza kuuzwa kwenye makopo mwaka 2011, mtindo uliotawala ni IPA yenye ukungu, laini, inayonukia embe na nanasi. Binafsi naiona tamu kupita kiasi, ingawa siwezi kukana kwamba ikiwa mbichi ina raha yake. Mwingereza aliyezoea bia angavu kama kaharabu huitazama akadhani ni juisi.

Basi aende wapi? Jibu langu la kwanza ni kwamba aache kuanzia dukani. Rafu imejaa makopo yenye michoro ya kuvutia, mengine yamekaa nje ya friji kwa miezi. Bia yenye hopi nyingi haizeeki vizuri: harufu hufa kwanza, kisha ladha hugeuka kuwa kama karatasi iliyolowa. Viwanda vingi huchapa tarehe ya kujazwa chini ya kopo, na aliyejifunza kupindua kopo kabla ya kulitia kikapuni amejifunza nusu ya elimu yote. Mimi kwa IPA siendi zaidi ya miezi mitatu.

Aanzie baa za viwandani. Sheria za majimbo mengi zimelegea kiasi cha kumruhusu mpika bia kuuza glasi mlangoni kwake, na ndiko bia iliko mbichi, haijapita ghala la mtu. Asitarajie baa ya Kiingereza yenye zulia, moto na mzee aliyelala pembeni. Atakuta bohari katika eneo la viwanda, mlango wa gereji umefunguliwa, meza ndefu za mbao, watoto wanakimbizana, na gari la kuuza chakula limeegeshwa nje. Saa tatu au nne usiku wanafunga. Lakini mhudumu anaijua bia yake, na atakuonjesha kidogo kabla hujanunua bila hata kununa.

Katika ubao wa bei atafute maneno yanayomhusu: bita, ESB, maildi, pota. ESB (Extra Special Bitter, bita yenye nguvu zaidi) ni ya kiwanda cha Fuller's cha London kwa asili, ila Wamarekani wameigeuza jina la aina nzima. Maildi, bia ya kahawia isiyo kali ambayo wachimba makaa waliipenda, ni adimu; ikionekana isiachwe. Pota, bia nyeusi, ndiyo urithi wa London ambao Wamarekani wameutunza vizuri kuliko wenye nao, na Black Butte ya Deschutes, huko Bend, Oregon, imekuwapo tangu mwaka 1988. California ipo Firestone Walker, ambayo nembo yake ni dubu na simba. Simba ni David Walker, Mwingereza aliyeianzisha pamoja na shemeji yake Adam Firestone mwaka 1996 (mashemeji tunafaa kwa jambo moja moja), na bia yao ya DBA ilichachushwa katika mapipa ya mwaloni kwa kuiga mfumo wa Burton, ambao huunganisha mapipa kwa mabomba ili hamira ijipandishe na kujisafisha. Mfumo wenyewe karibu uzimike kwao: kampuni iliyobaki nao Burton ilipotangaza kuuacha mwaka 2024, seti moja ilihamia kiwanda cha Thornbridge cha Derbyshire, na mmoja wa waliosukuma jambo hilo lifanikiwe ni Garrett Oliver, mpika bia mkuu wa Brooklyn Brewery ya New York.

Na eli ya pipa hasa? Ipo, kwa anayevumilia kuitafuta. Viwanda vya Hogshead, Denver, na Machine House, Seattle, vilianzishwa kwa nia hiyo hiyo, na New England kuna maonyesho yaitwayo NERAX yanayoendeshwa na wapenzi wa mapipa. Kwingineko ni bahati nasibu. Baa nyingine huweka pipa moja kaunta kila Alhamisi au Ijumaa, na mpika bia, kwa kuwa pipa ni dogo na hakuna hasara kubwa, hulitupia kahawa, pilipili, vipande vya keki. Mwingereza huona pampu ya mkono kwa mbali, moyo unadunda, anafika anakuta stauti, bia nyeusi nzito, ya nazi na biskuti. Aulize kwanza pipa limefunguliwa lini. Akijibiwa "leo", anywe. Akijibiwa "sina hakika", aagize laga.

Nalisema hilo la laga bila kejeli. Wapika bia wadogo wa Marekani wamerudi kwenye laga kwa bidii, na ni bia za asilimia 4 na kitu, zisizopiga kelele, ambazo mtu anaweza kukaa nazo jioni nzima. Notch ya Salem, Massachusetts, ilijijengea jina kwa bia za nguvu ndogo peke yake. Aliyekuja akitafuta mazungumzo marefu kuliko ulevi, na ndicho Mwingereza anachokitafuta kwa kweli, huenda akakipata humo kabla hajakipata kwenye kitu kilichoandikwa "Kiingereza".

Jina linalojulikana ni mtego. Mwaka 2019 Newcastle Brown ya kuuzwa Marekani ilianza kutengenezwa huko huko na Lagunitas, kampuni iliyo chini ya Heineken, kwa mapishi tofauti. Bia zilizovuka bahari kweli, kama za Samuel Smith wa Tadcaster, hustahimili safari zikiwa nyeusi na nzito kuliko zikiwa nyepesi. Kuhusu nani anamiliki nani, chama cha wapika bia wadogo kilitoa mwaka 2017 nembo ya chupa iliyopinduliwa kichwa chini, kutofautisha viwanda huru na vile kama Goose Island ya Chicago, iliyonunuliwa na kampuni kubwa ya Anheuser-Busch mwaka 2011. Shemeji huikagua nembo hiyo kama hirizi. Mimi hukagua tarehe.

Adabu za kaunta ni fupi. Raundi za kupokezana si desturi sana. Kila mtu na kadi yake, na hesabu inafunguliwa hadi uondoke. Bakshishi si hiari kama ilivyo Uingereza: dola moja kwa glasi au asilimia 18 hadi 20 ya bili, kwa kuwa mshahara wa chini wa serikali kuu kwa wanaopokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na haujabadilika tangu mwaka 1991.

Mwaka jana shemeji alifika mwisho wa safari ambayo Wamarekani wa kizazi cha McAuliffe walianzia: alinunua sufuria kubwa. Kimea cha Maris Otter kutoka Uingereza kinapatikana Ohio, hopi za Kent zinapatikana, na hamira za Kiingereza zinauzwa kwenye pakiti. Gereji yake ina nyuzi 12 mwezi wa Novemba bila kulipia umeme. Sheria ya nchi inairuhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika galoni 200 kwa mwaka bila kodi, mradi wasiuze. Alipiga simu kunipa habari hiyo kwa furaha, nami nikamkumbusha kwamba ni galoni za Marekani. Akanyamaza kidogo, akapiga hesabu. Kwa glasi ya Leeds, zinatoka painti 1,332.